Kupe, mkuki na kichomi: namna tatu za kuiimba nchi moja

Zikibaki wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, katiza nyuma ya madarasa ya sekondari yoyote mjini Dodoma, utakuta vidole vinahesabu. Mwanafunzi ameshika diwani kwa mkono wa kushoto, wa kulia unagonga dawati taratibu: nane, nane, kumi na sita. Mwenzake anaitikia akisoma daftarini. Muundo ni tarbia kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne. Mtindo ni wa kimapokeo kwa kuwa vina vinarandana. Tashibiha ipo ubeti wa tatu, takriri ipo kwenye kibwagizo. Majibu yanatoka kama matofali kwenye kalibu, yote sawa, yote makavu.

Alama wanapata. Swali linalobaki bila mwenyewe ni hili: kwa nini mshairi huyu alichagua umbo hili, na umbo hilo limeifanya nini sauti yake? Anayelalamika kwa vina na mizani halalamiki sawasawa na anayelalamika kwa mistari iliyokatikakatika. Nchi ni ileile, ukame ni uleule, lakini toni inageuka.

Walimu wa fasihi wa Marekani wana mfano wao wanaoupenda katika jambo hili. Mwaka 1860, katika toleo jipya la diwani yake Leaves of Grass iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1855, Walt Whitman aliingiza shairi fupi lenye orodha ya watu wanaoimba wakiwa kazini: seremala, mwashi, fundi viatu, mkata kuni, mama nyumbani, kila mmoja na wimbo wake. Mistari ni mirefu, haina vina, inafurika kama korongo la masika, na toni ni ya mwenye nyumba aliyekaa barazani kwake. Katika The Weary Blues ya mwaka 1926, Langston Hughes akajibu. Naye anaiimba Marekani, ila yeye ni yule ndugu mweusi anayepelekwa kula jikoni wageni wakija. Mistari yake ni mifupi, mingine maneno mawili tu, na sitiari yake kubwa ni meza ya chakula. Whitman anatandaza mkeka. Hughes anasema kama mtu aliyechungulia sebuleni mara moja na anajua ataitwa arudi jikoni, ila leo hana haraka ya kurudi.

Dodoma ina jozi yake, tena ya watu wawili waliotoka katika ardhi moja kavu ya Ugogo. Utamu wake ni kwamba walipishana njiani: mmoja alileta umbo la pwani bara, mwingine akapeleka umbo la bara pwani.

Wa kwanza ni Mathias Mnyampala. Alizaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, mashariki ya mji, wakati Ugogo ikiingia katika njaa ambayo wenyeji waliipa jina la Mtunya. Mvua zilikataa, na kabla hazijakataa majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalikuwa yamekwishapita, yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Maelfu walikufa. Mtoto aliyezaliwa katika mwaka huo akakua, akasoma, akawa Mkatoliki, akaingia katika utumishi wa serikali hadi kuwa hakimu. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, ambacho hadi leo mtafiti wa eneo hili hawezi kukiruka.

Kwa hiyo ngoma za kwao alizijua vizuri. Lakini alipokaa chini kutunga hakufuata mdundo wa Ugogo. Alichukua shairi la mwambao, lile la vipande viwili, ukwapi na utao, lenye kina cha kati na kina cha mwisho, lililolelewa Lamu, Mombasa, Pemba na Tanga katika mikono ya masheikh. Mwaka huohuo wa 1954 Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa ametoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na kanuni za pwani zikawa na msahafu wake uliopigwa chapa. Mnyampala akazivaa kanuni hizo kama kanzu iliyomkaa. Akautia Ukristo ndani ya umbo lililozoea Uislamu: Utenzi wa Enjili Takatifu wake ulitangulia kwa zaidi ya miongo mitatu tenzi za Injili ambazo Mwalimu Nyerere alizitoa mwaka 1996.

Kwa nini mtu wa bara afanye hivyo? Jibu la haraka ni kwamba ushairi wa magazetini, kuanzia Mambo Leo la mwaka 1923, ulikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa na vina. Jibu la pili lina uzito zaidi. Miaka ya 1950 na 1960, shairi la mizani lilikuwa sare ya taifa linaloshonwa. Ukilivaa, hukuwa Mgogo wala Mdigo. Ulikuwa Mtanganyika, baadaye Mtanzania. Hapo toni yake inaanza kueleweka. Ni toni ya mtu aliyevaa sare.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alikutana na washairi na kuwaomba wautumie ushairi kulieneza. Mnyampala, akiwa ndani ya chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kwa kifupi UKUTA, alikuwa tayari na chombo mkononi: ngonjera. Alifariki mwaka 1969 na vitabu viwili vya Ngonjera za Ukuta vikatoka baada yake, mwaka 1970 na 1971. Vikaenda moja kwa moja shuleni.

Muundo wa ngonjera ndio unaostahili kukaliwa kitako. Kuna pande mbili, na mara nyingi mmoja hajui na mwingine anajua. Asiyejua anaanza kwa kiburi: mji ni mtamu, jembe ni la washamba, shule ni kupoteza muda. Anayejua anajibu kwa upole, kisha kwa hoja, kisha kwa mfano. Beti zinapokezana. Karibu na mwisho yule wa kwanza anakiri kwamba ameelewa, na wote wanaimba pamoja.

Mwandishi wa umbo hili, tukumbuke, alikuwa hakimu. Ngonjera ni baraza la mahakama lililotiwa mizani. Kuna mshtakiwa, kuna ushahidi, kuna hukumu, na mshtakiwa mwenyewe anaipigia makofi hukumu hiyo. Ndiyo maana toni yake haiwezi kuwa ya mashaka hata mtunzi akitaka. Umbo limekwishaamua nani atashinda kabla ubeti wa kwanza haujasomwa.

Hata tamathali zake zinafuata amri hiyo. Chukua kupe, sitiari kuu ya siasa za Ujamaa: bepari ni kupe, mnyonyaji ni kupe, kupe atolewe. Kwa karani wa Dar es Salaam kupe alikuwa neno tu la kwenye hotuba. Kwa mtoto wa Chilonwa au Mvumi aliyechunga ng'ombe asubuhi kabla ya kuingia darasani, kupe ni kitu unachokichomoa kwenye sikio la ndama kwa kucha mbili, kimevimba kama punje ya mahindi, ukikipasua damu ya ng'ombe wa baba yako inakurukia kidoleni. Katika uwanda huu sitiari ya hotubani ilirudi ikawa nyama. Lakini shairi la ngonjera halikukaa hapo kumtazama kupe. Lilimtaja, likampa kina chake, likapita kwenda kwenye fundisho.

Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilihamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika na kuwaweka katika vijiji. Wakati huohuo watoto walikuwa wakiimba katika viwanja vya shule juu ya uzuri wa kuishi pamoja. Mzee aliyeacha tembe lake, makaburi ya wazee wake na mbuyu wa mpaka, alikuwa na wimbo gani? Kwenye ngonjera angeweza kupewa nafasi ya yule asiyejua. Nafasi nyingine haikuwapo.

Ni vizuri kusema pia kwamba ngonjera zinazosomwa leo mbele ya mgeni rasmi, zile za watoto waliopangwa mistari jua kali wakimsifu mheshimiwa kwa majina yake yote matatu, si kosa la Mnyampala. Yeye alikuwa na hoja ya kushindana nayo. Hizi za siku hizi zina risala na bahasha.

Sasa huyu wa pili. Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, mkoani hapahapa. Hakwenda kwa Amri Abedi kuomba ruhusa. Alikua na zeze, njuga na ilimba, akaitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere baada ya sifa zake kumfikia, na hatimaye akaweka makazi Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilifunguliwa mwaka 1981. Mwimbaji wa nyimbo za Ugogo akawa anaishi kando ya bahari, katika mji uliojaa kaswida, bila kuuacha mdundo wa kwao. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003.

Msomaji atasema: huyo ni mwanamuziki, si mshairi. Hapo ndipo mtihani wetu umetupotosha. Kabla ya diwani kulikuwa na mtu anayeimba na watu wanaoitika, na Ugogo ushairi uliishi humo.

Itazame ilimba kwa karibu. Ni sanduku la mti lenye vyuma vilivyopangwa juu yake, na mpigaji hutumia vidole gumba. Lakini si kila chuma kinaguswa. Vingine vipo tu, na jirani zao wakipigwa, navyo vinatetema vyenyewe. Tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe anaofunikia mayai yake, ili kila sauti itoke na mvumo mwembamba nyuma yake. Fundi aliyebuni chombo hicho alikataa sauti iliyo safi mno. Alitaka kitu kingine kisikike chini ya kile kinachosikika.

Nyimbo za Kigogo zimejengwa vivyo hivyo. Kiongozi anatupa kifungu kifupi. Waitikiaji wanakidaka, wanakirudia kwa sauti zilizopangana, wanakivuta, wanakirudisha kwake kikiwa kimebadilika kidogo. Hakuna kina, kwa maana ya Abedi. Hakuna mtu anayehesabu nane. Maana haijengwi kwa hoja bali kwa kurudi mahali palepale mara nyingi, na kila ukirudi unakuta pamezama zaidi. Zawose aliimba sifa za nchi na za viongozi kama wengine wa kizazi chake. Albamu yake ya mwaka 1985 inaitwa Tanzania Yetu. Hata hivyo katika umbo lake sifa haiwezi kuwa hukumu, kwa sababu hakuna upande wa pili wa kushindwa.

Ili maneno haya yasibaki hewani, mwandishi wa makala haya amejaribu kutunga mwenyewe, kwa jembe lilelile. Kwa kanuni za mapokeo mshororo ungekuwa hivi:

Jembe ni rafiki yako, shamba ndilo benki yako.

Hesabu: nane na nane. Kina cha kati ni ko, cha mwisho ni ko. Sitiari mbili zimeingia, rafiki na benki, na zote zinakuamrisha. Hakuna mahali pa kuuliza kama mvua ilinyesha. Sasa jembe hilohilo kwa kiongozi na waitikiaji:

Jembe limechoka. Limechoka. Limechokea wapi? Limechoka. Lilitoka na baba. Limechoka.

Huku hakuna kinachothibitishwa. Neno moja linagongwa kama chuma cha ilimba, na vile visivyoguswa, yaani baba, safari na ukame, vinatetema vyenyewe. Halafu kuna namna ya tatu:

Jembe
limeinama ukutani
kama mtu aliyepata habari
kabla yetu.

Namna hii ya tatu ilipoingia katika Kiswahili ilizua ugomvi ambao wazee wa malenga bado wanauhadithia. Aliyeiingiza kwa kishindo ni Euphrase Kezilahabi wa Namagondo, Ukerewe, aliyeishi kati ya mwaka 1944 na 2020. Diwani yake Kichomi ilitoka mwaka 1974, miaka mitatu tu baada ya kitabu cha pili cha ngonjera. Haikuwa na vina. Mizani ilikwenda ilikotaka. Walinzi wa mapokeo wakasema hayo ni maguni, mashairi yenye kasoro, na kwamba kijana huyu ameiga Wazungu. Baadaye kweli alikwenda Marekani, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, jambo ambalo wakosoaji wake waliona ni kama hati ya mashtaka imetiwa muhuri.

Walioikataa hoja hiyo walikuwa na jibu zuri. Katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya mwaka 1979, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, wote watu wa bara, waliwakumbusha wasomaji kwamba vina si roho ya ushairi wa Kibantu. Nyimbo za jadi za makabila mengi hazikuvijua. Ukiuvuta uzi huo hadi Doduma unaona kichekesho chake: Kezilahabi aliyeshitakiwa kwa kuiga ugenini alikuwa, kwa umbo, jirani wa mzee mwenye zeze. Na Mnyampala, mlinzi wa asili, ndiye aliyekuwa ameazima.

Lakini ujirani huo si undugu kamili. Wimbo wa Kigogo una waitikiaji. Mshairi wa masivina, yaani mashairi yasiyo na vina, yuko peke yake. Nafasi tupu mwishoni mwa mstari mfupi ni mahali ambapo zamani watu waliitika, na sasa hakuna anayeitika. Toni ya Kezilahabi inatoka hapo, toni ya mtu anayesema katika chumba ambacho wenzake wametoka. Alipotaka kuandika juu ya vijiji vya Ujamaa kwa urefu aliandika riwaya, Gamba la Nyoka ya mwaka 1979. Katika mashairi alichagua kukata.

Kama muda wa kipindi ni dakika arobaini tu, mwalimu anaweza kuacha beti na kuandika majina ya kazi hizi ubaoni. Ni zoezi la tamathali lisilohitaji hata kufungua kitabu. Upande mmoja: Diwani ya Mnyampala. Waadhi wa Ushairi. Jina la kwanza ni la mwenye mali, la pili ni la mimbari, na yote mawili yanakuambia ukae wima. Upande wa pili: Chibite, albamu ya Zawose ya mwaka 1996, ambayo kwa Kigogo ni mwito wa twende. Kisha Mkuki wa Rocho ya mwaka 2002, mkuki uliolengwa rohoni. Upande wa tatu: Kichomi, yale maumivu ya ubavuni yanayokukata pumzi usiku. Halafu Karibu Ndani, 1988. Halafu Dhifa, 2008.

Mkuki na kichomi. Mmoja ameimba kwa Kigogo, mwingine ameandika kwa Kiswahili cha chuo kikuu, na wote wameuchagua mwili uliochomwa kuwa mlango wa sanaa yao. Tofauti iko kwa aliyeshika silaha. Mkuki unarushwa na mtu. Kuna mrushaji, kuna anayelengwa, kuna uwanja na watazamaji, yaani ngoma nzima. Kichomi hakina mrushaji. Kinaanzia ndani, na daktari akikuuliza kilianza lini hujui. Jina moja lina jamii, jingine lina mgonjwa. Mwanafunzi akiona hilo amekwishalinganisha toni, tena bila kutaja neno toni.

Na dhifa? Darasa lililosoma Hughes na meza yake litauliza nani amealikwa kwenye karamu hii ya mwaka 2008, na nani yuko jikoni. Mwalimu mwenye busara atawaacha wabishane hadi kengele ilie.

Kengele ikilia wanatoka nje, ambako upepo wa kiangazi wa Dodoma unapeperusha vumbi jekundu hadi kwenye kurasa. Si mbali sana na hapo, Chamwino, muziki wa Kigogo una tamasha lake. Vikundi vinakuja kutoka vijijini na ngozi zao na njuga zao, wanawake wakiwa na ngoma za muheme zilizobanwa katikati ya mapaja. Wanafunzi wengi wa diwani hawajawahi kwenda huko kwa ajili ya somo la ushairi. Haimo kwenye muhtasari.

Mnyampala aliacha pia maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, yaliyochapishwa miongo mingi baada ya kifo chake. Aliyaita Maisha ni Kugharimia. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, wanaojulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu yao ya kwanza. Wao ni wanawake wa ukoo ambamo kwa muda mrefu zeze na ilimba zilikuwa mikononi mwa wanaume, nao sasa wanazipiga. Albamu yao wameipa neno moja, lilelile la kwanza katika jina la kitabu cha hakimu wa Ihumwa, bila kitenzi, bila fafanuzi, bila hukumu: Maisha.